Kuku Sita wa Mama wa Ubatizo

Jumatano ya Majivu, 18 Februari

Asubuhi nimepakwa majivu, na jirani yangu Mauza anangoja mwezi uandame aanze mfungo wake. Amenikuta bombani na alama yangu usoni akasema, "Shoga, mwaka huu tunashinda njaa nyumba nzima. Paka atafute pa kuhamia." Tumecheka. Miaka kumi na tisa tunakaa ua mmoja hapa mtaa wa Gerezani: vyumba vyangu viwili mkono wa kushoto, vyake vitatu mkono wa kulia, bomba moja, na katikati bata wake watatu wanaotembea kama ndio wenye nyumba.

Lakini moyoni sina kicheko. Juzi nilimpeleka mjukuu wangu Aaron kliniki. Ametimiza miaka miwili na mizani imesema kilo tisa na gramu mia moja. Chini ya mstari wa kadi. Nesi akasema, "Bibi, uji peke yake hautoshi. Mpe yai kila siku." Nikampigia mama yake, mwanangu Evelyn, aliyeko kazini Dodoma, naye kwa nia njema akamweleza baba mkwe wake, mzee Marcelino wa Rombo. Mzee kajibu leo: mwezi wa tano ukiisha mtoto yuko bado chini ya mstari, wanakuja kumchukua. Baba yake ni marehemu, mtoto ni wa ukoo wao, nami sina ubavu wa kubishana. Ila nimemlea tangu ana miezi mitano. Hapati usingizi mpaka ashike sikio langu.

Mauza alisema, "Mayai ya bata yapo, chukua." Nikamwambia mtoto wangu hali yai la bata, linanuka tope. Nitafuga kuku wangu mwenyewe. Ee Bwana, nibariki Kwaresima hii.

Jumamosi, 21 Februari

Kuku wameingia! Sita, wekundu.

Amewaleta Celina kwa bajaji, ndani ya tenga, mvua za rasharasha zimemlowesha mpaka kilemba. Celina ni katibu wa jumuiya yetu ya kanisani, tumetoka Kibosho kijiji kimoja, na ndiye mama wa ubatizo wa Aaron. Yeye anafuga kwake Ilala mwaka wa pili sasa. Alimwagiza mfugaji mmoja wa Chanika, Shomari, mitetea kumi na miwili, sita wangu na sita wa kwake wa kuongezea. Gari likashushia Ilala, kisha akaniletea wangu.

"Miezi mitano hawa, Mama Evelyn. Wiki mbili tu utaanza kuokota."

Sikuwakagua. Sisi watu wa jumuiya hatukaguani. Kumchungulia mwenzio alichokuletea ni kama kumwambia Mungu akuoneshe risiti. Tumeshikana mikono mbele ya banda tukasali Baba Yetu na Salamu Maria tatu. Banda lenyewe kanijengea Hamood, kijana wa Mauza, kwa mbao za makreti yaliyotoka bandarini, hakutaka hata soda.

Jumatatu, 23 Februari

Nimeweka viota viwili, boksi la vifungo na boksi la zipu, vyote nimevitoa kibandani kwangu Kariakoo ninapouza vifaa vya mafundi cherehani. Wanavitazama tu.

Ijumaa, 27 Februari

Leo Mauza kaniudhi. Alisimama mlangoni pa banda, mikono ina unga, akasema, "Shoga, mitetea gani hii makucha marefu kama ya bibi harusi? Na midomo wamekatwa. Hawa umewaona vizuri?"

Nikamwambia, "Mauza, aliyewaleta ni mama wa ubatizo wa mtoto. Usinitilie nuksi."

"Haya," akasema. "Nimenyamaza."

Akarudi kwenye unga wake. Nimesali Rozari ili nimtoe moyoni, kwa sababu ni mtu wangu. Lakini kwa nini mtu amwonee mwenzie wivu kwa kuku sita?

Jumapili, 1 Machi

Baada ya misa Celina kanipa mayai matatu yamefungwa kwenye gazeti. "Wangu wameshaanza. Wako wako njiani. Haya ya mwanangu wa ubatizo." Machozi yamenitoka palepale uwanjani pa kanisa. Nikasema kumbe ndugu ni imani.

Alhamisi, 5 Machi

Hakuna yai.

Ijumaa, 6 Machi

Hakuna.

Jumanne, 10 Machi

Masika yamefungua mlango kwa teke. Usiku kucha bati linapigwa. Bata wanafurahi mpaka wanatia kero. Hakuna yai. Chakula cha kuku kimekula hela ambayo ningenunulia mayai dukani, na kuku wenyewe wanene kama mito.

Jumatatu, 16 Machi

Kliniki. Kilo tisa na gramu mia saba!

Nimeimba njia nzima kutoka kliniki, watu wananitazama. Nimempigia Evelyn: "Mwanangu, ni mayai ya Celina haya, kila Jumapili matatu." Nilijiuliza kidogo, mayai matatu kwa wiki nzima yanawezaje? Nikajijibu, Bwana alishibisha maelfu kwa mikate mitano, mayai matatu yamshinde? Evelyn kasema atamtumia Celina kitenge cha shukrani.

Mauza, ambaye mchana anakaa na Aaron nikiwa kazini, nilipompa habari alimbeba mtoto juu akasema, "Huyu karibuni ataanza kulia kwaa kwaa." Maneno yake ya utani sikuyatilia maanani.

Alhamisi, 19 Machi



Nilikwenda kumwaga taka alfajiri, ndoo ya Mauza iko wazi, na humo ndani maganda ya mayai. Siyo moja, siyo mawili. Yamejaa. Nilisimama na mvua inaninyeshea, nayahesabu kama mwendawazimu, nikaishia kumi na nane.

Nikampigia Celina. Akasema taratibu, "Mama Evelyn, mimi sisemi kitu. Lakini Ramadhani hii, mikate ya sinia na vikeki vya kila jioni, mayai yanatoka wapi? Wewe unatoka saa moja asubuhi. Banda linabaki na nani?"

"Lakini haya ni meupe, Celina. Nilidhani kuku wekundu hutaga mekundu."

"Wapo wanaotaga meupe. Usiniulize mimi, uliza ndoo."

Mchana nimenunua kufuli. Nimelifunga mwenyewe. Katika ua huu hakujawahi kuwa na kufuli, hata siku tulipokwenda wote kumzika mume wangu.

Ijumaa, 20 Machi

Mauza kaliona. "Kuna simba humo?"

"Kunguru," nikamwambia.

"Kunguru wa siku hizi wana funguo?" Hakungoja jibu, kaingia ndani.

Jumamosi, 21 Machi

Idd. Sahani ya pilau imekuja kama kila mwaka. Ameileta Hamood, siyo yeye. Nimekula wali, nyama nimempa Hamood airudishe kwa sababu ya Kwaresima, na wali wenyewe haukushuka vizuri.

Jumatano, 25 Machi

Kufuli liko palepale na mayai hakuna. Celina anasema niangalie mbao za nyuma, aliyejenga banda anajua ubao upi unatoka.

Jumamosi, 28 Machi

Leo nimesema.

Tulikuwa bombani wawili tu. Nilikuwa nimejipanga kuongea kwa upole, Mungu ni shahidi, lakini kilichotoka ni hiki: "Mauza, mayai ya mtoto wangu mnayala?"

Alifunga bomba kwanza. Akajifuta mikono. "Rudia."

Nikarudia.

"Mektilda, mfungo wangu umeisha juzijuzi tu, sitaki kuuchafua. Maliza ulilonalo."

"Nimeona maganda kwenye ndoo yako. Kumbe ndiyo maana ulisema kuku wangu wabovu. Kuanzia leo mtoto simwachi tena kwako."

Nilitaka anitukane. Angenitukana ningelala vizuri. Alikwenda ndani, akarudi na kigoda kidogo cha Aaron cha kulia chakula, akakiweka mlangoni kwangu. "Mchukue, na kiti chake hiki hapa." Aaron akadhani ni mchezo, akakikalia, akafungua mdomo kama kifaranga.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Wiki nzima nashinda na Aaron kibandani. Analala chini ya meza katikati ya maboksi, anakula biskuti, anakohoa. Wateja wanamruka.

Jumamosi Kuu, 4 Aprili

Niandike pole pole nisije nikadanganya.

Niliamua kuku mmoja achinjwe kwa ajili ya Pasaka, wabaki watano. Ua wetu una desturi yake: kuku yeyote, awe wangu au wao, anachinjwa na Hamood, ili kila mtu wa humu aweze kula. Ugomvi tunao, lakini kumwita mchinjaji wa nje ingekuwa ni kutangaza vita mtaani. Nikamwita. "Shikamoo mama," akaja, kamwelekeza kuku kibla, bismillahi, kamaliza. Hakuzidisha neno.

Nilipompasua, Hamood alikuwa anaosha kisu. Mimi nimepasua kuku wa kutaga tangu nikiwa msichana. Unakuta viini ndani vimeshikana kama shanga, kikubwa, kidogo, kidogo zaidi, mpaka vile vya ukubwa wa mtama. Humu hapakuwa na kitu. Mafuta ya manjano tu, yamejaa.

Hamood akatupia jicho. "Huyu bibi, mama. Kashastaafu zamani. Wote sita ni hivyo. Hawa ni wale ambao wenye mabanda makubwa wanawatoa wakishamaliza, wauzwe wa supu."

"Umejua lini?"

"Siku ile nilipowatoa kwenye tenga. Mama alijaribu kukwambia, ukasema anakutilia nuksi. Akaniambia na mimi nifunge mdomo, mambo ya kanisani kwenu tusiyaingilie."

Nikauliza, "Na yale maganda?"

Alishangaa kweli. "Ya bata! Wanataga alfajiri nyuma ya tangi. Mama alikuwa anampa Aaron yai zima kila siku, anamwekea kwenye chapati za maji, maana wewe ulikataa. Hujaona meupe vile, makubwa?"

Niliona. Kumi na nane niliyaona.

Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili

Bwana kafufuka. Mimi bado.

Nimempelekea Mauza bakuli la kuku. Limerudi limeoshwa, na nyama imo kwenye bakuli jingine, lao. Celina kanipa mayai matatu na kunikumbatia. Nikawaza, maskini, na yeye katapeliwa na huyo Shomari, wala hajui.

Jumanne, 7 Aprili

Jana nilimpigia huyo Shomari kwa namba niliyoipata kwa mzee mmoja wa parokia, nikamwaga maneno ambayo sitayaandika katika juma la Pasaka. Leo amekuja mwenyewe, kutoka Chanika, pikipiki na koti la mvua, matope mpaka magotini.

Alichuchumaa mbele ya banda akawatazama watano waliobaki. Akacheka kwa uchungu.

"Mama yangu, hawa siyo kuku wangu."

"Ndio uliowaleta."

"Tazama mdomo. Mimi sijawahi kukata kuku mdomo. Na wangu wana rangi ya chungwa, hawa wamepauka. Nilimkabidhi yule mama wa Ilala mitetea kumi na miwili. Akanionesha banda lake, alikuwa na wazee sita, nikamshauri awauze wa supu. Akasema ana pa kuwapeleka."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Ana pa kuwapeleka.

Kumbe "pa kuwapeleka" ni mimi.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimekwenda Ilala kwa Celina. Sikumpigia simu kwanza.

Niliwasikia kabla sijafika mlangoni. Kuku akimaliza kutaga anatangaza, mtaa mzima ujue. Kumi na wawili wanene rangi ya chungwa, na trei mbili za mayai juu ya friji.

Hakukataa. Ningependa niandike kwamba alikataa.

"Mama Evelyn, kaa kwanza. Wale hawakuwa wameacha kabisa. Walikuwa wanataga moja moja. Nikasema ua wako una baraka, una mkono wa kulea, huenda kwako wakarudi. Mimi hapa nina watoto watatu wa shule na mahindi ya kuku yamepanda bei..."

"Tulisali mbele yao, Celina. Ulinishika mkono."

"Na nilisali kweli! Unadhani niliigiza? Nilimwomba Mungu watage."

"Na Mauza? Kwa nini ulinipa Mauza awe mwizi?"

Hapo akainamisha kichwa. "Wewe ndiye uliyeanza kuuliza maganda. Ningesema nini?" Halafu, kama mtu aliyekumbuka haki yake: "Lakini sikukuacha. Kila Jumapili nimemletea mtoto matatu."

"Ya kuku wangu," nikasema. "Ulikuwa unanipa sadaka kutoka mfukoni mwangu, na mimi nalia kwa shukrani."

Akaanza kulia yeye. Nikatoka. Barabarani nikagundua nimemwachia mwavuli.

Jumamosi, 11 Aprili

Jumuiya. Mwenyekiti wetu Filbert, mtu mpole asiyependa kelele, katusikiliza wote wawili, akasema, "Kina mama, tuko Pasaka. Mambo ya kuku yasitugawe. Sita ni sita: dada Celina atoe watatu, dada Mektilda apokee watatu, mpeane amani." Wote wakapiga makofi. Watatu kati ya sita waliokuwa wangu! Nilimpa mkono wa amani kwa sababu watu walikuwa wanatazama, na mtu mmoja alikuwa ameshaanzisha wimbo. Nimetoka na kuku watatu kwenye mfuko wa salfeti na sina jumuiya.

Jumatatu, 13 Aprili

Kilo tisa na nusu. Ameshuka.

Kuku watatu nao wamegoma. Shomari anasema wakihamishwa hukaa hata wiki tatu. Nesi kauliza, "Mwezi uliopita ulifanya nini, bibi? Fanya vilevile." Nimekunja kadi, nikambeba mtoto.

Jumanne, 14 Aprili

Nimekwenda kwa Mauza. Hatua kumi na mbili kutoka mlango wangu, nimezitembea kama nakwenda Rombo.

Alikuwa anachagua mchele. Hakuniambia nikae, nikakaa. Nikamweleza yote, Shomari, Ilala, Filbert, mizani. Alipofika kwenye jiwe alilitoa, akaendelea.

"Kwa nini hukuniambia unamlisha?" nikauliza.

"Mtoto akila kwangu nikuandikie barua? Hamood wangu alikula kwako miaka mingapi, ulikuja kuripoti?"

"Nisamehe, Mauza."

"Kusamehe nitasamehe, dini yangu inanilazimisha na yako inakulazimisha. Lakini yule unamwona Jumapili kwa Jumapili ukamwamini. Mimi unayeniona kila siku natoka bafuni na ndoo, mimi ndiye mwizi."

Nikakubali. Lakini kuna kitu kilikuwa kinaniwasha, nikakisema. "Na wewe ulijua ni kuku wazee. Wiki sita unanitazama naweka chakula, nafungua viota, narudi mikono mitupu. Ulijua ukakaa kimya."

"Nilijua."

"Ulitaka niaibike."

Aliweka ungo chini kwa mara ya kwanza. "Nilitaka uniulize. Kila asubuhi nilisema leo ataniuliza. Ukanunua kufuli."

Mvua ilipiga bati tukashindwa hata kusikizana, na nadhani wote wawili tulishukuru. Ilipopungua akasema, "Mlete kesho. Mtoto hana kosa. Na atakula la bata, usije ukaniambia tope."

Jumatatu, 20 Aprili

Jangwani kumejaa maji, mabasi ya mwendokasi hayapiti, Kariakoo hakuna wateja. Mauza anampokea Aaron mlangoni asubuhi, mlango unafungwa. Jioni unafunguliwa, napewa mtoto.

Jumapili, 3 Mei

Kitenge cha Evelyn kimefika, na Celina kakishona haraka. Leo kasoma somo la kwanza nacho, cha bluu, maua ya dhahabu. Kimempendeza sana. Sikupokea komunyo.

Jumatatu, 4 Mei

Nimempigia Evelyn nikamwambia yote. Kisha akasema, "Mama. Kwa hiyo Bi Mauza alikuwa anamlisha mwanangu, na wewe ukamfungia kufuli?"

Nikasema ndiyo. Mambo ya Celina hakuyauliza hata kidogo.

Ijumaa, 8 Mei

Yai. Moja, dogo, lina damu kidogo kwenye ganda. Nimempelekea Mauza. Kalipokea, kaliweka pamoja na ya bata.

Jumatatu, 18 Mei

Mzee Marcelino kapiga. Anauliza mtoto anapenda maziwa ya moto au ya baridi. Sikulala.

Jumatatu, 25 Mei

Nilimwomba Mauza twende wote kliniki. Alisema ana nguo za kuanika, na mvua imekatika leo tu.

Kilo kumi na gramu mia nne. Juu ya mstari. Nimewaomba wapime tena, wakapima tena. Nimempigia mzee Marcelino palepale kwenye benchi, kasema, "Basi, bibi yake, kaa naye."

Nesi alikuwa anajaza kadi. "Hongera bibi. Umejitahidi kweli."

Ilikuwa rahisi kusema asante. Akina mama wengine walikuwa wananitazama kwa heshima. Nikasema, "Siyo mimi."

"Sasa nani?"

Nikamtajia jina kamili la Mauza, na la baba yake. Nesi akacheka, akaita mtoto mwingine.

Nilipofika nyumbani Mauza alikuwa juani, shuka zimejaa ua mzima, bata wanapita chini yake. Nikasema kwa sauti, kilo kumi na gramu mia nne, anabaki.

Alisimama na pini ya nguo mdomoni. Akaitoa. Akachuchumaa, akafungua mikono, Aaron akamkimbilia.

"Alhamdulillahi," alimwambia mtoto. "Alhamdulillahi, baba."

Nikaingia ndani kubandika maji.